Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Jumatatu, 3 Machi

Haya, naandika. Daftari kaninunulia mdogo wangu, lina maua kwenye jalada. Mimi na maua! Kasema kila siku niandike jambo moja jema, hata likiwa dogo kama punje ya mchele. Hakuna atakayesoma. Nikamwambia nina miaka ishirini na miwili kwenye cherehani na haijapita siku bila mtu kunitibua. Akasema ndiyo maana.

Yeye ndiye mgonjwa. Uvimbe tumboni, miezi saba sasa. Halafu yeye ndiye ananifundisha mimi kufurahi. Dunia hii!

Jambo jema: umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa sita. Juzi haukurudi kabisa.

Jumanne, 4 Machi

Yule mama wa sketi ya kijani karudi mara ya tatu. Inambana. Nikampima upya, akavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. Nikamwambia, mama, ukivuta tumbo namshonea mtu mwingine. Kanuna. Fundi wa suruali, ninayegawana naye chumba cha kazi, kacheka hadi kajichoma sindano.

Jambo jema: kujichoma kwake. Chiriku atasema hilo halihesabiki. (Chiriku ndiye mdogo wangu. Tangu aanze kusema hajawahi kunyamaza.)

Ijumaa, 7 Machi

Chiriku kaja kazini na kitambaa. Zambarau, kizito kidogo, kizuri, sikatai. Binti yake anamaliza chuo cha ualimu, mahafali ni Jumamosi tarehe 29. Anataka gauni la kukalia mbele, si la kujificha nyuma, ndivyo alivyosema.

Nikachukua tepu. Akanishika mkono. Tumia vile vya kwenye daftari lako la vipimo, dada, vya mwaka juzi. Mpaka siku hiyo mwili wangu utakuwa umerudi.

Kila niliyemfundisha kazi hii nimemwambia, kabla hata hajajua kutunga uzi kwenye sindano: usikate kwa vipimo vya zamani. Hata kama ni mama yako mzazi, mpime. Na mimi leo nikairudisha tepu shingoni kimya kimya. Niliogopa. Ningeizungusha kiunoni mwake, namba ingeonekana, na tungeiona wote wawili.

Jambo jema: rangi inamfaa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekata. Kifua arobaini, kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na nne. Mkasi butu, unatafuna badala ya kukata. Fundi wa suruali kachungulia karatasi yangu, kauliza, dada, haya ni ya nani? Nikamwambia ashone suruali zake. Akarudi kwenye suruali zake.

Jambo jema — leo hakuna. Nimelitafuta.

Jumamosi, 15 Machi

Kalijaribu. Mungu wangu.

Nyuma ya pazia alikaa muda mrefu. Alipotoka, mabega ya gauni yalikuwa yamemfika kwenye mikono, na pale penye kiuno ungeweza kumwingiza mtu wa pili. Mifupa ya shingo imemtoka. Mdogo wangu niliyekuwa nikimbeba mgongoni, nikilalamika kuwa ni mzito!

Fundi wa suruali kasimamisha cherehani yake. Kisha Chiriku akajitazama kwenye kioo, akasema, dada, nimekuomba gauni umenishonea hema. Akacheka peke yake. Fundi wa suruali akajitia anatafuta kifungo chini ya meza, akakaa huko muda.

Nikachukua pini. Inchi tatu kila upande, na bado. Nilipogusa mbavu alikunja uso, kisha haraka akautabasamisha. Akaniambia, dada, usikikate kile kinachobaki ndani. Kikunje, ukishonee humohumo. Nikinenepa utafumua.

Ningempima siku ile ya kwanza asingesimama mbele ya kioo kile. Kosa ni langu, si lake. Fundi mzima!

Jambo jema: alicheka. Sijui kama linahesabika, maana mimi lilinikata maini.

Jumatano, 19 Machi

Nilimsindikiza hospitali. Daktari kasema watampumzisha dawa kwa sasa, aende nyumbani, ale anachopenda. Chiriku kamshukuru! Njia nzima anasema afadhali, sasa kutapika basi, siku ya mahafali atakuwa na nguvu. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo.

Kupumzisha. Neno zuri kwa jambo baya.

Kazini nikajifungia chooni, nikafungulia bomba, nikalia. Nilipotoka yule mama wa sketi ya kijani alikuwa ananisubiri. Zipu sasa. Sikumjibu vibaya. Sikuwa na nguvu.

Jumapili, 23 Machi

Nimekwenda kwake kumjaribisha gauni tena. Limempwaya tena. Wiki moja tu! Nikapunguza inchi moja na nusu zaidi, yeye kakaa kitandani ananihesabia mambo yake mema: jirani kaleta maua, uji umekaa tumboni, binti yake kapata alama nzuri, mvua imenyesha vumbi limetulia.

Nikashindwa. Nikamwambia, acha kujifanya! Unanichosha na mema yako! Sauti ilinitoka kubwa, binti yake akaja mlangoni.

Hakukasirika. Akamwambia binti arudi jikoni. Kisha akaniambia, unadhani sijui? Najua kuliko daktari. Lakini nikilia kutwa nzima, uvimbe utapungua? Nitakuwa nimepoteza na siku yenyewe.

Nikamuuliza, kama unajua, basi hiki kitambaa cha ndani tunakitunza cha nini?

Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Akalala akageukia ukutani. Baadaye akasema, hicho niachie tu. Akiba haiozi.

Nikashona. Upande wa ndani sasa una mikunjo miwili kila upande, minene kama mkanda. Kwa nje huwezi kujua. Kwa nje ni gauni zuri sana.

Nimejuta kumpigia kelele. Naandika hapa kwa kuwa kwake nimeshindwa kusema. Niliondoka nikamwambia tu asisahau dawa ya maumivu.

Alhamisi, 27 Machi

Fundi wa suruali, bila kuambiwa, kachukua mkasi wangu na kuupeleka kwa mnoaji. Kaurudisha umefungwa kwenye kitambaa kama zawadi. Nimeujaribu kwenye kipande cha hariri, umepita bila kuvuta uzi hata mmoja.

Jambo jema: hilo. Sikulitafuta, lilikuja lenyewe.

Jumamosi, 29 Machi

Saa mbili asubuhi. Niko chumbani kwa Chiriku, nimeweka daftari juu ya magoti. Mahafali saa tatu na nusu. Dereva wa teksi keshafika, anafuta vioo nje.

Tulimvika saa moja na robo, mimi na binti yake. Mwenye siku yenyewe, joho begani, anampaka mama yake mafuta miguuni! Gauni limemkaa. Limemkaa kweli. Nikamwambia umependeza, akasema najua.

Kisha akakaa kwenye kiti ili ajaribu. Akasimama. Akakaa tena, midomo ameibana. Nikajua. Ile mikunjo. Inamkandamiza mbavuni, naye nyama ya kuzuia haipo tena.

Akamtuma binti akamtengenezee uji. Tulipobaki wawili akasema, dada, kikate.

Mimi! Mimi niliyemwambia aache kujifanya, nikajikuta nasema hapana. Nikasema tutaweka pamba. Nikasema utanenepa, mwezi ujao utalihitaji, nitafumuaje kisichokuwepo? Nikasema akiba haiozi. Nilikuwa nimeshika gauni ubavuni kama mtu anayezuia mlango.

Akaniacha niseme mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa upole, kama mimi ndiye mdogo: wataita majina zaidi ya mia mbili, na la mwanangu liko mwishoni. Nataka nikae nimtazame bila kuwaza mbavu. Leo ndiyo ninayoitaka, dada. Huo mwezi ujao uchukue wewe.

Nikamvua. Kajilaza, kajifunika shuka, anakunywa uji kwa kijiko, binti anamlisha. Nawasikia wanacheka. Sijui wanacheka nini.

Nimeomba dakika kumi. Tano nimeshaandika. Gauni liko mapajani, nimeligeuza ndani nje. Mishono yangu mwenyewe, naijua yote — wa tarehe 15, wa tarehe 23. Nikikata hapa, hakuna fundi chini ya jua atakayeweza kulirudisha. Dereva kapiga honi. Binti anaita, mama mkubwa, tayari?

Jambo jema la leo: mkasi umenolewa.

Naanza na upande wa kushoto, ndio unaomuuma zaidi.