Mpira Mweusi Niliouokota Mfukoni Mwako

Baba watoto,

Nimekuacha umelala. Chai iko kwenye chupa. Watoto ~~waoge bafuni~~ waoge uani, kwa ndoo.

Tangu Jumamosi ulipofunga bomba la kutolea maji chini ya trei mpya ya kuogea bafuni, ile ya kusimama juu yake, unajisifu kazi imekwisha. Mbona wewe mwenyewe hujaoga humo hata siku moja? Unarudi kazini nywele zimelowa, unanukia sabuni isiyo yetu. Asubuhi hii nimepekua suruali yako nikitafuta jina la mwanamke anayekuogesha.

Nimekuta mpira mweusi wa duara, mpya, ule wa kuzuia maji yasivuje kati ya trei na bomba. Nikapiga magoti, nikamulika chini ya trei: dimbwi! Kumbe ulisahau kuuweka, ukaona haya kufungua upya, ukawa unaoga kazini huku sisi tukioga humo na kuozesha sakafu.

Huo hapo, juu ya karatasi. Ufunge leo, kisha uoge wewe wa kwanza.

Jioni nikukute unanukia sabuni yetu. Ukinukia ile nyingine, naanza upya kumtafuta yule mwanamke.

Mama watoto