Manyoya ya Bata Niliyoyaosha kwa Majivu

Alhamisi, jioni. Nyabiyonza imenyeshewa tangu asubuhi, migomba imeinama kama watu waliofumaniwa, na mimi nimekaa kibarazani natabasamu peke yangu. Jana saa kama hii sikutamani hata ndizi. Mnaonijua mtaelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Niwakumbushe kwanza mimi ni nani siku hizi. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe ndiyo iliniacha, hatujakubaliana. Lakini tangu kiangazi mimi ni mtu wa utafiti. Madamu Koku, msomi wa Muleba aliyepanga chumba Omurushaka, alinichagua mimi kati ya vijana wote nimwokotee manyoya ya mabata bukini wa mwituni wanaotua bwawani kwetu wakiwa safarini.

Kazi yenyewe ina akili, na bahati yenu mnaisikia kwa mtaalamu. Unyoya ukiwa unaota hunyonya madini ya kile bata anachokula na kunywa: chuma, zinki, hata risasi. Ukishakomaa, mwili hauupi tena kitu. Kwa hiyo bata akiudondosha hapa, Madamu akiupima anaweza kukisia alikuwa anakula wapi ulipoota. Anataka kujua kama hawa wageni wetu hupitia maji ya karibu na machimbo ya bati, huko Kyerwa. Nimelieleza jambo hili kijiweni mpaka madereva wa bodaboda wananiita Profesa Bata. Wanadhani wananitania.

Agizo lilikuwa fupi: okota, tia kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe na mahali, usifanye kingine.

Nikafanya kingine.

Manyoya yalikuwa na matope, na mengine siyo matope. Kwetu mgeni hapelekewi kitu kichafu. Hata kuku wa zawadi hufutwa miguu. Bibi yangu, aliyenilea, alipochungulia bahasha alisema nitamtia aibu ukoo mzima. Akanisogezea chungu chake cha maji ya majivu, yale ya maganda ya ndizi yaliyochomwa, anayofulia sabuni ikiisha na kulainishia maharage. Jumanne nzima niliosha manyoya ya msimu mzima. Yakang'aa. Nikarudisha kila moja kwenye bahasha yake, sikuchanganya hata moja, nikajipongeza.

Jana nikayapeleka Omurushaka. Madamu alifungua bahasha ya kwanza, akanusa. Akafungua ya pili.

"Deo, umeyaosha?"

"Nimeyang'arisha, Madamu." Kifua mbele, mimi huyu.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniuliza nimeoshea nini, nikamwambia, akakaa chini polepole.

"Majivu yamejaa madini. Nikiyapima haya, nitakuwa nimelipima jiko la bibi yako."

Kisha akasema mabata wameshaondoka, na bila manyoya ya msimu huu utafiti wake wote umekwama. Nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia ya kurudi, ingawa pikipiki zilikuwepo. Sikutaka mtu aniite Profesa.

Sasa ungamo lenyewe.

Kila siku niliyokwenda bwawani, niliuficha unyoya mmoja, ule mzuri kuliko yote. Niliubandika kwa utepe kwenye daftari langu la zamani la hesabu, tarehe na mahali pembeni, nipate cha kuwatambia watu. Hayo sikuyaosha, maana kijiweni kitu chenye tope ndicho kinachoaminika. Kwa lugha nyingine, nilikuwa namwibia Madamu.

Leo asubuhi nikapima. Nikinyamaza, mimi ni mjinga tu. Nikisema, mimi ni mjinga na mwizi. Nikapanda bodaboda kwenye mvua ile ile, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya shati.

Nilimwambia yote kabla hajafungua. Akavaa glavu, akafunua ukurasa mmoja mmoja huku mimi nikichunguza viatu vyangu. Utepe ulishika shina peke yake, akasema sehemu hiyo ataikata. Akafuatilia tarehe kwa kidole: hakuna wiki niliyoruka. Ni machache kuliko alivyotaka, lakini yanatosha kazi kuendelea. Nikaanza kupumua.

"Wezi wote wangeandika tarehe namna hii," akasema, "polisi wangekosa kazi."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Kibarua bado ninacho mabata wakirudi. Nikaomba anirudishie unyoya mmoja tu wa ukumbusho, akanitazama, nikalimeza ombi langu.

Nimefika nyumbani, Bibi ananiuliza kama yule mgeni aliufurahia usafi wetu. Nimemwambia alifurahi mpaka akakosa la kusema.

Hiyo nayo nitaiungama. Lakini ngoja kwanza nile ndizi.