Bomba Nililokufungia, Yaya

Mpendwa Yaya, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike Musienene, pembeni ya Mama, nimezungumza nawe moyoni mara nyingi, na kila mara nimelikwepa jambo moja. Nakuambia maharagi yamekubali mwaka huu, nakuambia nani ameoa na nani amehamia Beni, halafu nanyamaza. Leo naliandika. Naliandika wazi, ili na mafundi wenzangu wa Butembo walisome wakitaka. Ni habari ya lile bomba la moshi.

Unakumbuka ulivyofika karakanani kwangu asubuhi ile, unaisukuma pikipiki, jasho linakutoka. Bomba la zamani lilikuwa limeoza kwa matope ya njia ya Eringeti. Lilikatika katikati, na wewe ulikuwa umelifunga kwa waya na kipande cha kitenge kilichoungua nusu. Kesho yake ulitakiwa kurudi kwenye kituo cha afya na sanduku la chanjo. Kituo chako kilikuwa mbele ya Eringeti, ndani ya mashamba ya kakao, na mkunga alikuwa wewe peke yako.

Nilizunguka maduka yote ya vipuri ninayoyajua, bomba la aina yake sikuliona. Nililopata lilikuwa fupi, jeupe, linang'aa, la kuiga yale ya pikipiki za mashindano. Ulipoliona ulicheka mpaka ukashika kiuno.

“Mudogo wangu! Na hii? Bamama batasema mukunga wabo amerudia kuwa kijana.”

“Ni hii tu iko, Yaya.”

“Basi funga. Mimi sina safari ya kujionyesha, niko na safari ya kazi.”

Nililifunga. Injini ilipowaka, mtaa mzima uligeuza shingo. Na nilipoachia gesi, ule mkono wa mafuta, ikalia nyuma: pa! Ukaruka. Nikakuambia ni kawaida.

Sasa nieleze vizuri, maana siku ile sikukueleza. Bomba lililo wazi namna ile linatoa moshi haraka, na injini inaanza kuvuta hewa nyingi mno kwa petroli inayopata. Inapata joto kupita kiasi. Ukiachia gesi ghafla, petroli iliyobaki inawaka ndani ya bomba na kulia kama risasi. Fundi akifungua buji, ile plagi inayotoa cheche, na kuikuta nyeupe kama chokaa, anajua injini ina njaa ya petroli. Dawa yake inajulikana: ndani ya kabureta kuna kijitundu cha shaba tunachokiita jikleri, ndicho kinachopitisha petroli. Unaweka chenye tundu kubwa zaidi, unapima, unatazama buji tena, mpaka iwe rangi ya chai ya maziwa.

Niliifungua buji yako, Yaya. Ulikuwa umekwenda kununua sabuni. Ilikuwa nyeupe.

Jikleri kubwa sikuwa nayo. Ningekuambia ungoje siku mbili, tatu, na wewe ungeniuliza nani atapeleka chanjo. Halafu, nikubali, nilikuwa nimeshajisifu mbele ya majirani kwamba hakuna bomba ambalo mimi silifungi. Basi nikazungusha skrubu ya kabureta, nikapandisha mwendo wa injini pikipiki ikiwa imesimama, mpaka ule mlio ukajificha. Nilijua unajificha tu. Butembo ni juu, hewa ni nyepesi, na injini inasamehe. Beni ni chini, hewa ni nzito. Nilijua ukishuka kule, njaa ile itarudi, na mlio utarudi nayo.

Ulirudi na sabuni yako ukaniuliza kama ni nzima, “Iko bien?”

Nikakujibu, “Iko bien, Yaya.”

Ukanipiga begani, ukaondoka.

Simu yako ilinikuta kesho yake mchana nakula. Sauti yako haikuwa ya kucheka tena. Ulikuwa umeingia sokoni Beni, ukapunguza mwendo kupisha mikokoteni, na pikipiki ikalia mara tatu. “Batu balilala chini,” ulisema. “Mama moja alilalia mutoto wake. Mudogo wangu, balilala chini bote, na mimi nimesimama katikati kama mupumbavu.”

Hata hapo nilikuambia itazoea. Lakini nilisukuma sahani kando. Kule watu wanaijua sauti ya bunduki kama wanavyoijua sauti ya mlango wao, na mimi nilikuwa nimekupandisha juu ya kitu kinachoiga sauti ile. Nikakuomba ulale Beni, usiendelee na safari mpaka nifike. Asubuhi nilipanda nyuma ya pikipiki ya abiria nikashuka Beni.

Nilikukuta tayari umevaa koti lako la mvua. Sikuwa na uhodari wa kukuambia tuifungue hapo hapo. Nilisema tuijaribu kwanza kidogo barabarani. Ulikataa kunipa usukani. “Ni mimi iko naijua njia,” ulisema, na mimi nikakaa nyuma, nimeshika sanduku la chanjo kwenye magoti.

Kile kizuizi cha askari kilikuwa chini ya mteremko. Nilikiona kabla yako, au tulikiona pamoja, sijui. Nilitaka kukuambia usiachie gesi. Maneno yalikuwa mdomoni. Ulipunguza mwendo, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyopunguza mbele ya askari, na pikipiki ikalia. Pa! Pa-pa!

Wauza ndizi waliokuwa kando walianguka wote. Mzee mmoja aliacha baiskeli yake na magunia yakamwagika. Askari aliyekuwa kwenye kamba iliyozuia njia aliruka nyuma ya mifuko ya mchanga, na nikasikia chuma kikivutwa, halafu amri ya Kilingala kwamba tusimame:

“Telema! Telema wana!”

Ulizima injini. Ulinyanyua mikono yote miwili, taratibu, pikipiki ikiwa bado katikati ya miguu yako. Mimi nilikuwa nimekumbatia sanduku, sikuweza kunyanyua chochote. Nilikusikia unapumua. Halafu ukasema, kwa sauti ile unayowasemeza wanawake wenye uchungu:

“Papa, ni pikipiki tu. Mimi ni mukunga wa kituo cha mbele. Nyuma ni mudogo wangu, amebeba chanjo ya batoto. Utuangalie muzuri, papa. Usiharakishe.”

Mtutu wa bunduki yake ulibaki umetuelekea kwa muda ambao siwezi kuupima. Halafu askari akatoka. Alikuwa kijana tu. Alikuja mpaka karibu, akaligusa bomba kwa ncha ya kiatu, akakutazama.

“Mama,” alisema, “ilibakia kidogo nikuue.”

Alikaa chini, hapo hapo barabarani. Wewe ulishuka, ukachukua chupa yako ya maji, ukampa. Ulimuuliza anatoka wapi, akasema Kananga. Ulimuuliza mama yake bado yuko, akasema yuko. Wauza ndizi walianza kuinuka, wanajifuta vumbi, mmoja anatutukana kwa Kinande na alikuwa na haki. Kijana yule akauliza nani fundi wa upuuzi huu. Na wewe, Yaya, ukamjibu:

“Fundi ni huyu mudogo wangu. Ni muzuri kabisa kwa Butembo yote. Ni hii pikipiki ndiyo mubishi.”

Tuliigeuza, tukaisukuma kurudi juu ya mteremko. Tulipofika mbali na kizuizi ulisimama. Uliniuliza bila hasira, “Ulijuaka kama itafanya hivi?”

Nikakuambia, “Hapana. Sikujuaka.”

Ulinitazama. Halafu ukasema, “Basi twende tuitengeneze,” ukaanza kusukuma tena.

Ile alasiri tuliyoshinda Beni kwa fundi mwenzangu, ingekuwa siku nzuri kama nisingekuwa na uongo wangu kooni. Tulipata jikleri tatu za kujaribia. Niliweka ya kwanza, ukapanda kilima mbio, ukazima injini kileleni, nikafungua buji: bado nyeupe. Ya pili: kijivu. Ulikuwa unaishika buji kwa kitambaa ikiwa ya moto, unaipindua kwenye jua kama unavyotazama jicho la mtoto kama lina upungufu wa damu. Kwa ile ya tatu ulipiga kelele kabla yangu, “Chai ya maziwa! Hii ni chai ya maziwa!” Nilibadilisha pia kiungo cha bomba kilichokuwa kinavujisha moshi, nikachomelea bomba dogo ndani ya lile kubwa kupunguza sauti. Ukapita kizuizi kesho yake, ukanipigia, na kwa miaka minne pikipiki ile haikukusumbua. Si pikipiki iliyokuchukua. Ugonjwa ndio uliokuchukua, nyumbani Butembo, tukiwa wote tumekuzunguka. Hata wiki ile ya mwisho, nilipokuwa nakunywesha uji kwa kijiko, nilitaka kusema. Sikusema.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Masika, binti yako, amemaliza masomo yake ya ukunga, na wamemtuma kule kule, kituo chako. Alikuja karakana, akaondoa turubai juu ya pikipiki yako, akasema, “Mujomba, unitengenezee hii ya Mama.”

Kwa wiki tatu nilimzungusha. Nilisema nasubiri mnyororo. Nilisema kabureta imeshika kutu. Kumbe nilikuwa nimeshamaliza kila kitu ndani ya siku mbili, na kila jioni nilikuwa naiwasha, nasikiliza, nazima. Ijumaa alikuja bila kupiga simu akaikuta inanguruma vizuri.

“Mujomba, unanidanganya,” alisema.

Nikakaa juu ya tairi, nikamwambia yote. Buji nyeupe, skrubu, “iko bien”, kizuizi, na lile swali lako kule juu ya mteremko. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza, akasema:

“Mama alijuaka.”

Nikasema hapana, hakujua, ndiyo maana ninakueleza.

“Alijuaka, mujomba. Alinisimuliaka. Alisema ulipomujibu, ulikuwa unaangalia viatu. Nikamuuliza, sasa sababu ya nini ulinyamaza? Akasema: ningemukamata na ule uongo siku ile, hangegusa tena pikipiki ya mutu.”

Yaya, nililia mbele ya mtoto. Miaka minne uliniletea wateja, walimu, askari wenye likizo, masista, unawaambia nenda kwa mudogo wangu, na ulijua. Sijui kama nifurahi au nikukasirikie. Ungenisema. Ningebeba aibu yangu mara moja, badala ya kuibeba kila siku.

Tulishuka Beni jana, mimi na Masika. Safari hii niliipima huku chini, kwenye hewa ambayo itapumua. Buji ilitoka rangi nzuri. Lakini bomba limezeeka, na kwenye mteremko mkali bado lililia mara moja, kidogo. Nilimwonyesha. Nikamwambia, “Hii sijaimaliza. Inaweza kulia ukiachia gesi ghafla. Ukiona kizuizi, zima mbali, shuka, sukuma.” Nilimwambia pia anaweza kungoja nitafute bomba jingine. Alisema kituo kimekaa miezi bila mkunga. Anafanana nawe mpaka inachosha.

Aliondoka leo saa moja asubuhi. Saa tatu hajapiga. Saa nne hajapiga. Fundi mwenzangu wa hapa Beni alinipa kazi ya kukaza nati nikaikata, akanipokonya spana na kuniletea kiti. Kila pikipiki iliyotoka upande wa kaskazini niliisimamisha kuuliza njia ikoje. Wengine walisema shwari. Mmoja alipita bila kujibu, na huyo ndiye niliyemwamini.

Saa tano na robo simu ililia.

“Mujomba, nimefika.”

“Ililia?”

“Ililia mara moja. Nilizima, nikashuka, nikasukuma mupaka kwa baaskari.”

“Balisema nini?”

“Hapana kitu. Moja alikuja kunisaidia kusukuma.” Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake, wanamwita. “Mujomba, kuko mama anazaa hapa. Nakata.”

Akakata kweli. Niliitia simu mfukoni, nikaomba karatasi.

Atarudi kwa njia hiyo hiyo mwisho wa mwezi, na mimi sitatulia mpaka nimwone. Bomba jingine nimeshaliagiza. Lakini leo, Yaya, pumzika. Mtoto wako yuko kazini.

Ni mimi, mdogo wako,
Kakule