Mpira Alioudaka Dinuka

Dada yangu mpendwa Premawathi,

Salamu nyingi kutoka kwetu Ambalangoda, na ulinzi wa Buddha uwe juu yako na wote wa nyumbani mwako. Magoti yanasemaje? Yale mafuta niliyokuletea uyapashe moto kwanza kabla ya kujipaka, usifanye uvivu. Sisi hatujambo. Baba Dinuka anakohoa kidogo, kikohozi chake kilekile cha vumbi la mbao. Mimi ni mzima na nimenenepa, watu wanasema ndiyo raha ya kuzaa mchezaji wa taifa.

Ningekupigia simu, lakini sikio lako linataka mtu apaze sauti, na haya ninayotaka kukuambia hayapaziwi sauti. Ukuta wa jirani yangu Padmaseeli uko hapa hapa, atasikia.

Uliuliza kama mwanetu anaonekana kwenye televisheni huko Uingereza walikokwenda kucheza kriketi. Dada, anaonekana mpaka basi! Kila wachezaji wakipumzika, ni yeye anayekuja mbio na chupa za maji, glavu kapachika kwapani, simba wa timu yetu kifuani. Vijana wengine hubeba maji wakijikokota kama waliotumwa na mama mkwe. Wetu anakimbia, na nywele zake hazivurugiki. Mtangazaji mmoja wa kule alimtaja kwa jina, na alilitamka karibu sawasawa.

Lakini wewe ni dada yangu, sikufichi. Anabeba maji kwa sababu hajapangwa. Kwenye viwanja vile vya baridi wanamtaka mrushaji mmoja tu wa mpira wa taratibu unaozunguka, na huyo mmoja ni Isuru, mtoto wa Padmaseeli. Walijifunza pamoja, shule moja, mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake kwamba mpira wa Dinuka ndio unaokata kona zaidi. Leo mmoja anarusha, mwingine anamletea maji anywe.

Na televisheni kubwa iko kwao. Mtaa mzima hukusanyika pale kuanzia mechi inapoanza alasiri hadi usiku. Isuru akimtoa mpigaji, fataki zinalia getini, mbwa wanaingia chini ya vitanda, na Padmaseeli anapita na sinia la keki tamu za kavum alizozikaanga mwenyewe. Kila mtu anapewa moja. Akifika kwangu anasema, “Mama Dinuka, chukua mbili.” Kwa nini mimi mbili? Nimefiwa? Siku hizi namwambia tumbo linanisumbua.

Mume wake Gunapala naye, unamjua mdomo wake. Dinuka alipotoka na chupa, akasema, “Nahodha anamtegemea sana huyu kijana. Bila yeye timu ingeshakufa kwa kiu.” Nikamjibu kwamba hata maji ya Rais habebi mtu yeyote tu. Watu walicheka, na nadhani walicheka upande wangu.

Basi sikia ya mechi ya pili. Mchezaji wetu mmoja alipigwa na mpira gotini akatolewa. Sheria inaruhusu mtu wa akiba asimame mahali pake, akimbize mpira na kuudaka, ila asirushe wala asipige. Nahodha akamwita Dinuka. Dada, nilisimama katikati ya sebule ya Padmaseeli nikasema mwanangu ameingia, nikasema tena kwa waliokuwa barazani. Gunapala akaniambia niketi, naziba picha.

Isuru alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji wanne. Kwenye uwanja ule, anayewatoa watano kwa mkupuo jina lake huandikwa ubaoni ndani ya jengo lao, likakaa hapo hata yeye akifa. Padmaseeli alikuwa keshashika kiberiti. Isuru akarusha, mpigaji akaubetua mpira juu, ukaenda mahali pasipo na mtu. Dinuka akatoka mbali, anakimbia huku kaupa mpira kisogo, anautazama kwa juu ya bega. Akajitupa. Akainuka nao mkononi.

Nyumba ilitaka kupasuka. Padmaseeli alinirukia, machozi yake yananilowesha shingo, anarudia, “Mikono ya mwanao, Mama Dinuka, mikono ya mwanao.” Lakini mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini mpigaji ametoka, na anayehesabiwa ni mrushaji, si mdakaji. Ubaoni limeandikwa jina la Isuru. Kesho yake gazeti letu liliandika kuwa mpigaji alidakwa na “mchezaji wa akiba”, basi. Nililisoma mpaka kwenye matangazo ya vifo, jina la mwanangu sikuliona.

Dinuka alipiga simu, akauliza, “Mama, uliona?” Nikasema niliona. Akanieleza jinsi Isuru alivyombeba juujuu uwanjani, na kwamba tangu aondoke nyumbani hajapata furaha kama ile.

Sasa nakuambia, kisha uichome barua hii. Mpira ulipokuwa juu na mwanangu anaukimbilia, nilimwombea aukose. Si wazo lililonipitia tu, midomo ilitikisika kabisa. Nilitaka uanguke miguuni pake, dunia nzima imcheke mtoto niliyemzaa, mradi jina la yule mwingine lisipande ubaoni. Na alipoudaka, hasira ndiyo iliyotangulia. Furaha ilikuja baadaye, imechelewa kama mgeni. Padmaseeli alinikumbatia akidhani natetemeka kwa lile linalomtetemesha yeye.

Mechi ya tatu nayo imekwisha, na Dinuka hakupangwa. Wanarudi Jumamosi. Mtaa umekodi ngoma na gari la wazi la kumzungusha Isuru. Jana Padmaseeli alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kibao changu cha kukunia nazi, akasema Isuru amekataa kupanda gari hilo bila Dinuka. Kisha akasema wamekubaliana yeye na mumewe kwamba shada la maua, “wewe ndiye umvishe mwanangu, kwa sababu bila mwanao jina lisingeandikwa.” Nikamwambia nitamvisha.

Kwa hiyo njoo, dada. Njoo Ijumaa kwa treni, magoti na yote, na abiria wenzako uwaambie unakwenda kwa nani. Nataka nyuma yangu asimame mtu anayejua. Isuru akiinamisha kichwa ukaona mikono yangu inachelewa, nisukume mgongoni.

Msalimie shemeji na watoto, na jirani yako yule mwenye ng’ombe. Baba Dinuka anakusalimu, hajui ninaandika nini.

Mdogo wako akupendaye,
Kusumalatha,
mama yake Dinuka wa timu ya taifa