Kwa Dada Zuhura, Uliyemuuguza Baba Peke Yako

Mpendwa dada Zuhura,

Nakuandikia chumbani kwako, hapa Malindi. Baba amelala. Miezi minne imepita tangu tukuzike, na sasa mimi ndiye ninayemuuguza.

Unakumbuka ilivyoanza, mwaka wa themanini na mbili? Baba alikuwa kinyozi, na mkono wake wa kulia ukawa unatetemeka hata akamkata mteja sikio. Akafunga duka wiki ile ile. Daktari alituambia ni ugonjwa wa Parkinson, hauponi, akaandika vidonge. Mimi nikarudi kwa mume wangu Mombasa. Wewe ukaacha ualimu, ukabaki naye.

Kila nilipokuja kuwatazama nilikuta umejifunza jambo ambalo daktari hakutwambia. Miguu ya baba ilipokwama mlangoni, uliweka mguu wako mbele yake. Akauvuka, akaendelea kutembea. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Halafu ile Idi. Niliona alama nyeusi mkononi mwa baba, nikakuuliza mbele ya mashangazi kwa nini unamuumiza mzee wetu. Ulitua sinia ya pilau.

"Kaa naye wiki moja," ulisema, "kisha unihukumu."

Sikukaa. Kesho yake nilipanda basi, na hatukuonana tena. Moyo wako ulisimama ukiwa uani, unafua shuka zake.

Wiki yangu ya kwanza hapa, baba aliteleza msalani. Nilimdaka mkono, nikamshika kwa nguvu zangu zote asije akapasuka kichwa. Asubuhi mkono ule ulikuwa mweusi. Niliusugua mafuta huku nalia, naye akinitazama kwa uso wake ambao ugonjwa umeukaza usibadilike, asiweze hata kunituliza.

Juzi alikuja Mama Kadzo, jirani yetu mwenye shamba Sabaki. Alimwamkia baba shikamoo, kisha akanigeukia.

"Na wewe, umekula?"

Nikatikisa kichwa. Akaniambia nikalale, yeye atakaa na mzee, na kwamba atakuja kila Alhamisi. Nikamuuliza mbona wewe hakukusaidia. Akasema alikuomba mara nyingi, nawe ukamshukuru na kukataa, ukimwambia usijali, mdogo wangu yuko njiani.

Nimefika, dada, na nimechelewa. Mola akupe mapumziko ambayo mimi nilikunyima.

Mdogo wako