Daktari wa Mifupa na Kuku wa Baba Mkwe

Kamwene, Mama Neema!

Hapa Mbeya hakuna mgonjwa mwenye bahati kama mumeo. Mguu uliovunjwa na gogo kule mgodini Makongolosi umeshapona, jana nilitembea mwenyewe mpaka sokoni! Baridi ni kali. Viazi vya hapa vitamu, lakini mimi nimekula mpaka Johanesbagi, na sijaona chakula kama chako.

Nilimsomea daktari wa mifupa barua yako, kwamba baba mkwe amemvunja kuku mguu huko Ipogolo, akamfunga vijiti, na siku kuku akitembea na mimi nitatembea. Wauguzi wakacheka. Yeye akaketi kitandani kwangu.

"Bwana, tangu vitani naunga miguu ya watu. Huyo kuku ameanza kukanyaga?"

"Sijui, Daktari."

"Basi uliza nyumbani. Hata mimi nataka kujua."

Wala hakutania. Kwa hiyo nakuuliza, mke wangu: amekanyaga? Usinifiche. Nakumbuka hata moshi wa jiko lako unaonitoa machozi. Mshike Neema mkono kwa niaba yangu, Mungu awatunze.

Ile habari ya sokoni ni uongo. Sijashuka kitandani tangu nifike.

Baba Neema