Kaseti Iliyoandikwa Sara

Mwaka umezunguka ukatimia, Baba, tangu Jumanne ile uliyofunga kibanda chako cha redio hapa Matisi, Kitale, saa sita mchana, ukamwambia Mama kifua kinakubana kidogo, na kabla ya saa kumi ukawa umetutoka. Kwako kila kitu kilikuwa kidogo. Njaa ni kidogo, baridi ni kidogo, safari ya pikipiki kupanda Kapsokwony kwenye matope, mtu wa miaka sitini na nne, nayo ni mwendo kidogo. Tulizoea kukuamini, na siku ile pia tulikuamini.

Watu wa Kitale walikujua kama fundi wa redio. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa kuwatafuta watu ambao nyimbo zao hazijawahi kupigwa kwenye redio hata moja uliyoitengeneza. Ikifika Jumamosi ulibeba kinasa sauti chako cheusi, kile chenye mpini uliofungwa kwa waya, ukapotea. Ulirudi Jumapili misa ya pili ikianza, vumbi mpaka kwenye nyusi, kaseti moja mfukoni na uso wa mtu aliyekula pilau. Ulimpata mzee Mukhisa wa Naitiri, kwenu ulikozaliwa, ambaye alipiga litungu lake la nyuzi kwenye matanga tu, na watu wakila wala hawamwangalii. Ulipata santuri ya bendi iliyovunjika kabla mwanao Viola hajazaliwa. Uliikuta hotelini imefunika ndoo ya maji. Hata Mama ulimpata hivyo hivyo. Ulipanda Kapsokwony kumtafuta mpiga ala mmoja, ukaambiwa amehama, ukashuka na mchumba. Alikuwa akikuuliza kama mpiga ala angekuwepo ingekuwaje, nawe uliongeza sauti ya redio.

Wala hukuwa mtu wa vya kale peke yake. Ukuta wa jirani ulipotetemeka kwa muziki, wengine waligonga kulalamika. Wewe uligonga kuuliza nani anaimba. Ndivyo ulivyompata Sandra, msusi wa hapa Matisi, anayetengeneza nyimbo kwa simu chumbani kwake, Kibukusu na Sheng zimechanganyika kama githeri. Wakati huo alikuwa na wasikilizaji kumi na mmoja. Baadaye aligundua kwamba watatu kati yao ulikuwa wewe, kwenye simu za wateja.

Kila kaseti uliiandika ubavuni kwa herufi kubwa, na mpango ulikuwa mmoja: jina la mtu, mahali, wakati. MUKHISA. NAITIRI, ASUBUHI. Zilifika mia mbili na kumi na saba. Zikachukua kabati la vyombo, vyombo vya Mama vikahamia chini ya kitanda, na Mama akanung'unika mpaka akachoka. Na katika kaseti zote hizo hukutamka neno. Uliinua kidole, mtu akaanza kuimba, ukakishusha, akaacha. Ulisema sauti ya fundi haina kazi kwenye wimbo wa mwenyewe.

Hilo ndilo lililokuja kumtesa Mama.

Sisi wanao tuko mbali: Viola yuko Bungoma kwenye ofisi ya kaunti, Hillary yuko Mombasa. Ulipoondoka tulimwachia Mama nyumba ya vyumba vitatu na kabati lililojaa watu wanaoimba. Alipika chakula cha watu wawili akala kwa kusimama. Aliwasha redio akaizima, kwa kuwa kila aliyesema ndani yake alikuwa mtu mwingine. Kisha mwezi wa nne baada ya mazishi, akiwa anamenya viazi, akajaribu kukumbuka ulivyokuwa ukimwita kutoka mlangoni. Uso ulikuja. Kofia ilikuja. Sauti haikuja. Aliacha viazi pale pale akakaa chini sakafuni, na giza likaingia bado amekaa. Hakutuambia. Kwenye simu alisema yuko salama, nasi tukapenda kuamini, maana kuamini ni rahisi kuliko nauli ya kuja kuona.

Akaanza kukutafuta kwenye kaseti. Moja asubuhi, moja baada ya chakula, moja jua likishuka. Nyimbo hakuzijali. Alisikiliza mwanzo kabisa na mwisho kabisa, pengine siku moja ulijisahau ukasema "haya" au "asante." Alisikia kuku, akasikia mvua kwenye mabati, akasikia mtu akikohoa ambaye hakuwa wewe. Miezi mitatu ilipita namna hiyo.

Nyuma ya nyingine zote akaikuta moja iliyofungwa kwa kitambaa. SARA. NAITIRI, JIONI. Na chini yake neno ambalo hukuliandika kwenye kaseti nyingine yoyote: USIFUTE.

Mama ni mtu wa mlimani Kapsokwony, na wa kwao hawapayuki. Aliifunga tena na kitambaa chake. Hakuiweka kwenye mashine. Alikuwa ameitafuta sauti yako mpaka macho yakamwingia ndani, na sasa aliogopa kwamba imo humo, ikimwambia mwanamke mwingine maneno matamu, jioni moja, Naitiri. Akaificha chini ya shuka za wageni. Usiku alikuwa akilala upande wake wa kitanda tu, ila sasa kwa hasira. Haya yote alikuja kutusimulia mwenyewe.

Mwezi wa Machi uvumilivu ukamwisha. Akaenda Naitiri siku ya soko akauliza, mtu baada ya mtu, kama kuna mwimbaji anayeitwa Sara. Alipata Sara watatu. Wa kwanza alikuwa wa chekechea. Wa pili aliuza omena, akaapa hajawahi kuimba hata kanisani kwa kuwahurumia waumini. Wa tatu alikuwa na miaka zaidi ya tisini, akamshika Mama mkono akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Mama akarudi Kitale mikono mitupu.

Lakini nyuma yake Naitiri ilibaki na swali: mjane wa Walucho anamtafuta Sara wa nini? Jibu wakajipa wenyewe. Kufikia Pasaka ilishajulikana kwamba Nehemiah Walucho, mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa misa ya pili, alikuwa na mke mdogo upande wa sokoni na watoto wawili. Watoto, Baba! Hata majina walikuwa nayo. Habari ilimfikia Viola mezani kwake ofisini, Bungoma, akampigia Mama simu.

"Mama, ati Baba alikuwa na bibi mwingine Naitiri?"

"Sijui," Mama akasema.

Angesema hapana, tungelala. Alisema hajui. Ndiyo maana kumbukumbu yako imekuwa ndefu kuliko za wenzako kwenye ukurasa huu wa gazeti. Tunaongea na wewe, lakini tunataka wale waliolisikia lile walisikie na hili.

Mwezi uliopita Viola aliona kaseti zianze kuhamishiwa kwenye simu kabla utepe haujaoza. Kazi akampa Sandra. Sandra alizichukua zote, yaani zote ambazo Mama alimpa. Jumamosi ya kumaliza tukakutana nyumbani. Viola alitoka Bungoma, Mama alichinja kuku, na mzee Mukhisa alikuja kutoka Naitiri na litungu lake begani. Sandra alikuwa amebeba mashine yako kwa mikono miwili kama keki.

"Mathe, hizi ni mia mbili na kumi na sita," alisema. "Na Mzee alikuwa ananishow ziko kumi na saba. Moja imeenda wapi?"

"Hiyo haina kitu," Mama akasema, akaendelea kupakua.

"Si niicheki tu?"

"Nimesema haina kitu."

Viola akatazama sahani yake. Mzee Mukhisa, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu kiamshakinywa cha saa kumi na moja alfajiri, alikuwa na haraka na kuku.

"Wachaneni na maneno ya kaseti," alisema. "Mama Viola, tusikure kama ng'ombe bana. Tupige sara kwanza."

Tukafumba macho. Mama hakufumba.

Neno hilo la sara, Baba, Mama alilisikia kila jioni kwa miaka thelathini na tatu, kutoka kwenye kinywa chako, mpaka sikio likaacha kulijali. Alikucheka kwa ulimi wako wa Bungoma uliobadilisha r na l utakavyo. Kwako kalamu iliitwa karamu, na ukialikwa karamu ulikwenda kwenye kalamu. Ila hakuwahi kufikiri kwamba ungeandika kama unavyosema. Na tangu uondoke hakuna aliyelitamka ndani ya nyumba ile. Sisi wenyewe tunasali kimoyomoyo, kila mtu na haraka zake.

Mzee Mukhisa alikuwa amefika "Bwana bariki hii chakura" kiti cha Mama kilipoanguka. Alikwenda chumbani, tukasikia shuka zikitupwa, akarudi na kitambaa mkononi.

"Sandra. Weka."

"Mathe, uko shua? Kweli niiweke?"

"Weka!"

Kwanza zilisikika sahani zikigongana. Kisha mtoto akicheka, na Viola akashika mdomo, kwa kuwa alikuwa Hillary wa darasa la sita, sauti yake kabla haijavunjika. Ilikuwa Krismasi ya nyumbani Naitiri, mwaka ule mvua ilipotufungia ndani sote. Mashine uliificha wapi hatujui. Kisha ukaongea.

"Haya, nyamazeni. Tupige sara."

"Ni sala, Baba Viola," Mama akasema ndani ya kaseti, kijana, mchokozi. "Sara ni mke wa Abrahamu."

"Mungu anaerewa zote mbiri. Fumbeni macho."

Ukaomba. Uliombea mahindi, ukaombea mtihani wa Viola, ukamwombea Hillary aache kupanda miti ya watu. Halafu ukashusha sauti, mpaka Sandra akaiinamia mashine.

"Na huyu Chepkemei, Bwana," ukasema, taratibu. "Nirimtoa kwao mlimani, akakuja hapa hajui rugha yetu hata neno moja. Watu waricheka yeye na akavumiria. Mimi watu wananiuriza naenda kusikiriza nini huko mbari. Ni kazi tu ninapenda. Lakini sauti yenye nataka kusikia ya mwisho iko hapa kwa nyumba. Nikitanguria, Bwana, asikae kimya peke yake. Hapendi kimya huyu. Mtafutie mtu wa kuongea."

Wote tukasema Amina, tuliokuwa humo ndani. Kisha ikalia tak, na basi.

Hakuna aliyegusa kuku. "Ndiyo hiyo," Mama alisema. "Ndiyo hiyo sauti." Kisha akalia, kwa nguvu, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka kwa sababu kulikuwa na wageni wa kuhudumiwa. Mzee Mukhisa alivua kofia. Viola alimshika Mama mabega, naye akawa anarudia neno moja, kwamba mtu alikuwa akimwombea, na yeye anazunguka soko zima akimtia aibu.

Basi, Baba, tunasema mbele ya watu wa Naitiri, wa Tongaren yote, wa Bungoma na wa Kitale: hakukuwa na Sara. Ilikuwa sala ya jioni. Na wale watoto wawili waliopewa majina, wenye kuwapa majina wawalee.

Hatutakudanganya, nyumba bado ni kimya. Kaseti ni ya dakika nne, na ikikatika Mama hubaki na saa nyingi za kukaa. Huipiga mara moja tu kwa siku, saa moja jioni, akiogopa utepe utachakaa. Sandra amemwonyesha kwamba imeshaingia kwenye simu na haitachakaa kamwe, lakini yeye anaamini mashine yako. Saa hiyo Viola hupiga simu kutoka Bungoma, Hillary naye kutoka Mombasa, na ukimaliza kuomba hatukati. Tunamwuliza amekula nini. Tunamwuliza nani amepita. Tulichelewa, Baba. Ungekuwepo ungesema tumechelewa kidogo.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumamosi hii saa nne asubuhi nyumbani Naitiri. Baadaye mzee Mukhisa atapiga litungu na Sandra ataimba, na safari hii watu watasikiliza kwanza, kisha ndipo watakula.

Wanaokukumbuka ni mkeo Chepkemei, watoto wako Viola na Hillary, dada yako Nakhumicha, wakwe zako wa Kapsokwony, jumuiya yako, na wote uliowainulia kidole wakaimba.

Mama ameomba neno la mwisho liwe lake, na liandikwe kama alivyolisema: "Baba Viola, nisamehe. Nilikutafuta kila mahali, na ni mimi nilikuwa nimekuficha. Sauti yako nilianza kuisahau. Sasa nimeishika, na sitaisahau tena mpaka nife."